Sabasaba ya Tanga na Zamu ya Maji ya Shangazi Nakiete

Mmeniandikia wote watatu, kila mmoja kwa mwandiko wake lakini kwa swali lile lile: ngoma za Sabasaba kule Tanga zilikuwaje, na mbona nimerudi kimya? Kumjibu kila mtu peke yake nimeshindwa, kwa hiyo naandika mara moja, halafu mpeane. Mambo ya tiketi na ruhusa nayaacha, hayana utamu. Nitafuata njia kituo kwa kituo, na pale penye mambo ya Upareni ambayo ninyi wa Songea na Bukoba hamna sababu ya kuyajua, nitasimama kidogo niyaeleze. Mkiona naeleza sana mnisamehe. Darasa la tatu limenizoeza hivyo.

Mpango wenyewe

Mpango ulikuwa wa starehe, na nataka mlijue hilo kabla ya mengine yote. Mwaka huu Sabasaba iliangukia Jumamosi. Nikapiga hesabu: Ijumaa mchana tunapanda treni Makanya, Jumamosi tunatazama ngoma za mitaani siku nzima, tunalala kwa Mwalimu Zainabu, yule tuliyefundisha naye Same, na Jumapili asubuhi tunapanda treni ya kurudi. Alasiri tuko Makanya, jua likizama tuko nyumbani. Siku mbili tu, bila haraka.

Nasema "tuko" kwa sababu nilimchukua Shangazi Nakiete, dada wa marehemu baba. Ni mjane, amepita sitini, na alikuwa hajapata kufika mbali kuliko Same mjini. Nilimbembeleza wiki nzima. Kila nikimsifia Tanga, yeye alirudi pale pale.

"Na maji je?"

Hapa nisimame. Kwetu mlimani kuna bwawa dogo la udongo na mawe walilolijenga wazee, tunaliita ndiva. Jioni linazibwa ili kijito kilijaze, alfajiri linafunguliwa, na maji yanashuka kwa mifereji hadi mashambani. Ndiva yetu ni ndogo; ikijaa inatosheleza shamba moja. Sisi tulio chini yake ni nyumba kumi na nne, kila nyumba ina siku yake, na siku yako ikikupita unangoja wiki mbili nyingine. Mwezi wa saba hakuna mvua. Maharage ya shangazi yalikuwa yametoa maua, na maharage yakikosa maji wakati huo hudondosha maua yote. Shamba lile ndilo chakula chake cha mwaka, na ndimo anamotoa mbegu ya mwaka ujao. Hana jingine.

Zamu yake iliyofuata ilikuwa Jumamosi ile ile. Wenye Jumamosi kwetu ni sisi Walutheri, na Jumapili wamepewa Wasabato, maana Wasabato hawashiki jembe Jumamosi, wala sisi hatushiki Jumapili. Mgawa maji wetu, Mzee Mkwizu, aliupanga mgawo huo zamani na haujapata kuleta ugomvi. Kubadilishana siku kunaruhusiwa, lakini kwa sharti: mmoja wenu akishindwa kuchukua siku aliyopewa, mabadilishano yanakufa, kila mtu anarudi kwenye siku yake ya awali. Kama siku yako imekwisha kupita, imepita.

Basi nikaenda mwenyewe kwa Baba Eliakimu, mwenye Jumatatu. Nilimkuta anapasua kuni.

"Baba Eliakimu, shangazi anaomba mbadilishane. Wewe uchukue maji ya Sabasaba, yeye achukue ya Jumatatu yako."

Akaegemea shoka, akafikiri. "Ya Sabasaba? Haya. Mwambie Nakiete aende akatazame hiyo ngoma, atusimulie."

Nikamshukuru, nikapita kwa Mzee Mkwizu kumwarifu, nikarudi kwa shangazi nikiwa nimetua mzigo. Shangazi akaanza kuloweka mahindi na maharage ya makande ya njiani.

Makanya

Tuliteremka Ijumaa asubuhi kwa miguu, saa tatu za mteremko. Tulifika stesheni kabla ya saa sita, tukiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Treni ilitakiwa saa sita na nusu. Ikafika saa kumi.

Ukisafiri njia hii, nakushauri uje na chakula chako na kitu cha kukalia. Sisi tulikuwa na bakuli la makande na khanga mbili. Shangazi alimkaribisha kila aliyekaa karibu, akiwemo mzee mmoja mkata mkonge aliyetoka kwenu Songea miaka mingi iliyopita. Alikula vijiko vitatu, akasema makande yamekosa chumvi, akaendelea kula. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Nawaambia hili kwa sababu ndicho kicheko chake cha mwisho katika safari nzima.

Makanya hadi Hedaru

Ndani ya behewa tulikaa kwenye benchi la mbao, tukatazamana na mama mmoja mnene mwenye vikapu viwili vya tangawizi. Alijitambulisha kuwa ni Mama Tatu wa Hedaru. Hupanda vijiji vyetu vya milimani kununua tangawizi na kuishusha. Alijua mtaa wetu kuliko mwalimu mkuu.

"Shikamoo, mama," alimwamkia shangazi.

"Marahaba, mwanangu. Unatokea kwetu?"

"Jana nilikuwa kwenu. Na ninyi mnahama?"

"Tunakwenda kutazama ngoma," shangazi akasema, kwa fahari kidogo.

"Wakati huu wa kumwagilia? Shamba mmemwachia nani?"

Nikamweleza habari ya kubadilishana zamu. Mama Tatu alikuwa anamenya chungwa. Mkono ukasimama.

"Baba Eliakimu yupi? Huyu wa nyumba ya bati, mwenye mbuzi mweupe?"

"Huyo huyo."

"Atamwagilia kesho?"

"Kesho, ndiyo."

"Mwalimu, yule si kabatizwa? Mwezi uliopita, bwawani kule chini, pamoja na mkewe. Nilikuwepo, niliwauzia tangawizi ya chai. Amekwisha kuwa Msabato."

Nataka mwelewe kosa lilivyotokea, maana ni kosa dogo sana. Siku ya Baba Eliakimu ni Jumatatu. Alipohamia dini nyingine, mgawo wake haukuhitaji kubadilishwa, basi Mzee Mkwizu hakuambiwa, nami sikusikia. Na tulipokuwa tunapatana, mimi nilisema Sabasaba, yeye akasema Sabasaba, Mzee Mkwizu akasema Sabasaba. Kwetu siku ile ina jina lake, na likitajwa hakuna anayefikiria ni siku gani ya wiki. Kati yetu watatu hakuna aliyetamka neno Jumamosi.

Shangazi alifunga bakuli kwa kitambaa, akakaza fundo.

"Hatashika jembe," akasema.

"Huenda atalishika, shangazi. Ameahidi."

"Mtu aliyebatizwa mwezi uliopita? Huyo hata kuni hatapasua." Akahesabu kwa vidole. "Kesho hatachukua maji. Asipochukua, mabadilishano yamekufa. Jumatatu inarudi kwake. Na Jumamosi yangu itakuwa imepita nami niko Tanga natazama watu wanacheza." Akasimama. "Nashuka."

Treni ilikuwa inapunguza mwendo kuingia Hedaru. Jua lilikuwa juu kidogo ya kilima. Nilimshika mkono, akauchomoa.

"Niachie, Mwalimu. Wewe nenda ukaone."

"Shangazi, ukishuka hapa saa hizi utarudi na nini? Kutembea mpaka Makanya ni usiku kucha, halafu mlima."

Mama Tatu aliingilia kati, vikapu tayari mkononi. "Mama, nisikilize. Ukishuka utalala hapa kwenye benchi, na kesho saa ya kufungua maji utakuwa bado hapa. Kuna lori la chokaa linalala kwa jirani yangu, halibebi watu, lakini linaondoka alfajiri kwenda Makanya, na mtu wa kupanda mlima hakosekani pale. Andikeni barua. Nitampa dereva kwa mkono wangu, iwahi hata nusu ya maji."

Niliandika gotini kwa Mzee Mkwizu: Baba Eliakimu ni Msabato, hawezi kesho. Tafadhali maji yabaki ya Nakiete, na jirani yeyote ammwagilie, tutamrudishia siku. Mama Tatu aliifunga kwenye pindo la khanga yake, akateremka huku treni inaanza kuondoka. Shangazi alibaki amesimama dirishani muda mrefu, ameshika bakuli.

Usiku ule sina la kusimulia. Tuliambiwa tutafika Tanga saa nne usiku. Tulifika kunapambazuka.

Tanga, siku ya Sabasaba

Mwalimu Zainabu anakaa Ngamiani, katika moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mji ule ni wa zamani, nyumba zina baraza na milango mizito. Siku hiyo kila baraza lilikuwa limejaa watu waliovaa vizuri tangu asubuhi. Zainabu alitupokea kwa vifijo, akatutandikia mkeka, akaleta mkate wa kumimina, samaki wa kukaanga na chai ya mdalasini.

Shangazi alishika kipande cha samaki, akakirudisha.

"Mama hapendi samaki wetu?" Zainabu akaniuliza kwa sauti ya chini. "Au anaona hatukumchinjia kuku?"

"Sivyo, dada. Ana jambo."

"Mgeni kukaa na sahani kamili mbele ya majirani! Watasema nimempa kilicholala."

Shangazi alisikia. Alimgeukia taratibu. "Mwanangu, samaki wako mzuri. Ila saa hizi ndiva inafunguliwa, na mimi sijui maji yanakwenda kwa nani." Kisha akamweleza yote, kuanzia maua mpaka ubatizo. Zainabu, mtoto wa pwani ambaye hajapata kumwagilia hata mchicha, alisikiliza kama anasikiliza habari ya mgonjwa. Shangazi alipomaliza, Zainabu akajitupia khanga begani.

"Twendeni stesheni. Stesheni zao zina simu."

Mkuu wa zamu pale stesheni alikuwa na haraka. Naye alitaka kwenda ngomani. Lakini Zainabu alisimama mlangoni kwa namna ambayo mtu asingeweza kupita. Bwana yule alizungusha simu, akangoja, akazungusha tena, akazungumza na Makanya.

"Wanasema lori la chokaa kutoka Hedaru halijaonekana tangu juzi," akatuambia.

"Hata leo asubuhi?"

"Halijaonekana, mama. Leo sikukuu."

Saa ilikuwa inakaribia nne. Kule nyumbani, nusu ya ndiva ilikuwa imekwisha kutoka; hata mtu angetumwa saa ile kutoka Makanya, angefika maji yameisha.

Mliniuliza ngoma zilikuwaje. Zilikuwa nzuri kuliko nilivyodhani, nami nilizitazama kama mtu mwenye jino bovu. Tulisimama pembeni mwa barabara kuu. Yalitangulia matarumbeta na ngoma kubwa za beni, wanaume wamevaa suruali nyeupe zenye utepe mwekundu. Wakafuata akina mama wa lelemama, wapata mia, wamevaa khanga za namna moja, wakitembea kama kitu kimoja. Lori moja lilipambwa kwa makuti na karatasi likawa meli, na juu yake mtu aliyejipaka chokaa usoni, na kofia ya kikoloni, akiwaamuru watu wampishe njia kwa adabu. Watu wakamzomea kwa furaha. Halafu wakaja Wamakonde wa mashamba ya mkonge na vinyago vyao, mmoja akitembea juu ya miti mirefu kupita mapaa ya nyumba. Umati ulirudi nyuma ukipiga kelele. Shangazi hakurudi nyuma. Alikuwa hatazami.

Mwishoni walipita wanafunzi wamebeba majembe ya mbao yaliyopakwa rangi, wakiimba kilimo. Shangazi aliyatazama hayo. Akakaa chini kwenye ukingo wa barabara, miguu ameinyoosha kama anakaa shambani.

"Mimi ndiye niliyekubali kuja," akasema. "Usijilaumu."

Lakini alijua, nami nilijua, nani alimbembeleza wiki nzima.

Jioni Zainabu alitupeleka pwani ili hewa itusaidie. Shangazi alitazama bahari muda mrefu.

"Yote haya hayana zamu?"

"Yana chumvi, shangazi."

"Eh." Akageuka kurudi. "Basi ndiyo maana hawagombani."

Tanga hadi Mombo

Treni ya Jumapili iliondoka saa kumi na mbili asubuhi kama ilivyopangwa, nikaanza kupumua. Hesabu ya shangazi ilikuwa hii: kama barua ilifika kwa njia nyingine yoyote, maji yake ya Jumamosi yamemfikia. Kama haikufika, basi awepo yeye mwenyewe Jumatatu kabla ndiva haijafunguliwa, amsihi Baba Eliakimu mbele ya Mzee Mkwizu. Mtu akisihi ana kwa ana, jembe mkononi, si sawa na mtu aliyeko Tanga. Kilichotakiwa ni kufika tu.

Muheza wanauza machungwa, Korogwe mahindi ya kuchemsha. Safari hii shangazi alikula, kwa sababu, alisema, mlima unahitaji nguvu. Tukafika Mombo saa tano. Treni ikasimama, ikazima.

Baada ya nusu saa alipita mtumishi wa treni akipiga milango. "Behewa la mizigo limeacha reli huko mbele. Treni haiendi mpaka litakapoinuliwa."

"Litainuliwa lini, baba?" shangazi akauliza.

"Leo. Au kesho."

Tulishuka. Wengi walibaki wakitandika khanga kivulini, na nawaambia kweli, katika safari nyingine yoyote ningebaki nao. Tulivuka mpaka barabara ya lami. Basi la mwisho lilikuwa limekwisha kupita. Kufika saa saba tulipata mtu, Bwana Minja, mfanyabiashara wa vitunguu wa Moshi, na pikapu yake.

"Nitawachukua, lakini mjue nakimbizana na saa, nataka kulala Same," akasema. "Ikifika saa nane nikiwa barabarani, nimekwisha."

Mnaijua sheria ya Jumapili: kwa ajili ya kubana mafuta, magari ya watu binafsi hayatakiwi barabarani baada ya saa nane mchana mpaka Jumatatu alfajiri. Tukapanda nyuma, juu ya magunia ya vitunguu.

Mombo hadi Hedaru

Sijapata kusafirishwa kwa mwendo ule. Mkomazi ilipita kama ukurasa uliofunuliwa. Shangazi alikaa ameshika kamba ya turubai kwa mikono miwili, akipiga kelele kila baada ya muda, "Saa ngapi?" nami nikimjibu kwa vidole, maana upepo ulikula maneno. Saa nane kasoro robo. Saa nane kasoro kumi. Mbele milima yetu ilikuwa imeanza kuonekana wazi, mpaka mabonde yake.

Hedaru palikuwa na kizuizi. Ilikuwa saa nane na dakika nane.

"Afande, dakika nane tu," Bwana Minja akasema.

"Zingekuwa kabla ya saa nane ningezihesabu," askari akajibu, wala hakuwa na ukali. "Egesha pale. Saa kumi na mbili asubuhi uondoke."

Shangazi aliteremka, akamwendea. "Mwanangu, mimi si mwenye gari. Nina zamu ya maji kesho alfajiri, maharage yangu yametoa maua."

Askari akamwangalia. "Wa wapi, mama?"

Akamtajia.

"Ndiva?" Alikuwa wa Mbaga, huko huko Upareni, akajua anaambiwa nini. Akakuna shingo. "Mama, nikiliachia hili, lile pale na lile nitayafanyaje?" Magari manne yalikuwa yameegeshwa, wenyewe wamekaa wanatutazama. "Ninachoweza ni kuwapa maji ya kunywa."

Tulimtafuta Mama Tatu. Haikuwa kazi, soko zima linamjua. Alipotuona, aliweka mikono kichwani, nikajua kabla hajasema. Alifungua pindo la khanga akatoa barua yangu, imekunjwa vile vile.

"Lori halikuondoka, mama. Hakuna dizeli. Jana nilimtafuta hata mwenye baiskeli. Sikukuu, kila mtu ameketi."

Shangazi aliipokea barua ile. Kusoma hajui vizuri, kisomo cha jioni ndio ameanza, lakini aliifungua, akalitafuta jina lake kwa kidole, akalipata. Akaikunja.

"Basi hakuna aliyeambiwa kitu," akasema.

Tulilala kwa Mama Tatu. Alitupikia ugali na dagaa, akatukataza kumshukuru.

Hedaru hadi nyumbani

Saa kumi na mbili kamili askari aliinua mti wa kizuizi, na pikapu ya vitunguu ikawa ya kwanza. Makanya tulishuka saa moja kasoro. Ndiva ilikuwa imefunguliwa tayari.

Mlima ule mimi huupanda kwa saa tatu na nusu. Siku ile shangazi alinitangulia mwanzo mpaka mwisho. Alisimama mara moja tu, kwenye kona ambapo shamba lake linaonekana kwa mbali, akajikinga jua kwa kiganja.

"Kuna mtu ndani," akasema.

"Wapi?"

"Ndani ya shamba langu. Ana jembe."

Tulifika karibu saa nne na nusu. Aliyekuwa ndani ya maharage, suruali imekunjwa magotini, matope mpaka kwenye viwiko, alikuwa Baba Eliakimu. Alikuwa akifungua mstari mmoja, akiacha maji yajaze, akifunga kwa udongo na kufungua mwingine, kwa uangalifu kabisa asikanyage maua. Nusu ya juu ya shamba ilikuwa nyeusi kwa maji. Ukingoni alikaa Mzee Mkwizu, na mbali kidogo amesimama Mama Eliakimu, mikono kiunoni.

"Mmekuja!" Mama Eliakimu akatupokea. "Mmecheza mkachoka? Karibuni. Mume wangu ni kibarua wenu siku hizi, hamkujua?"

"Mama Eliakimu," mumewe akasema, bila kuinua kichwa.

"Niache niseme! Maharage yetu leo wiki mbili hayajanywa, yanakunja majani, na siku yetu ni leo. Sisi tunamwagilia kwa Nakiete!"

Mzee Mkwizu alinieleza, kwa ile sauti yake ya kupima. Jumamosi alfajiri alikwenda kumwita Baba Eliakimu, akamkuta amevaa suti ya ibada. Ndipo wote wawili walipotambua kwamba Sabasaba ndiyo Jumamosi. Baba Eliakimu akasema leo siwezi kushika jembe. Mzee Mkwizu akasema basi mabadilishano yamekufa, Jumatatu ni yako, na Nakiete amekosa. Maji ya Jumamosi akapewa mwingine yasipotee.

"Nikajua yamekwisha," mzee akasema. "Jana jioni huyu akaja kwangu. Akasema, Jumamosi ile imepotea mikononi mwangu, si mikononi mwa Nakiete. Nilisema ndiyo kwa mdomo wangu. Jumatatu mpe, na kama hajarudi nitammwagilia. Nikamwambia sheria haikudai. Akasema anajua."

Shangazi alikuwa ameshaingia shambani. Hakumshukuru, wala hakumwamkia. Alipita katikati ya mistari, akainama hapa na pale kushika udongo, akafika pale maji yalipoishia. Chini ya hapo maharage yalikuwa yamelegea.

"Ndivani yamebaki kiasi gani?" akauliza.

"Nusu," akajibu Mzee Mkwizu. "Yatatosha kumaliza."

Shangazi akanyoosha mkono, Baba Eliakimu akampa jembe. Nilidhani anachukua zamu yake aendelee. Akapanda mpaka kwenye mfereji mkubwa, akakata udongo mapande mawili, akaziba mdomo wa shamba lake. Kisha akaanza kubomoa kizibo cha mfereji unaoshuka kwa Baba Eliakimu.

"Shangazi!" nikamwita. "Ya chini bado. Yatadondosha!"

"Nimeona."

"Nakiete, acha," Baba Eliakimu akasema. "Nimekwisha kukupa."

"Umenipa, nami nimepokea. Sasa ni yangu." Jembe likashuka tena. "Sabasaba nimeiona mimi. Wewe hukuiona. Na siku yako ya kusali tumekuamshia ugomvi mlangoni."

Kama yangedondosha maua au la, yeye alijua kuliko mimi. Yamedondosha. Mistari ya chini haina ganda hata moja leo ninapoandika, nami nimemwambia shangazi kwamba mbegu ya mwakani nitaitafuta mimi, naye amesema tutaona. Lakini saa ile maji yaliingia mfereji wa pili kwa kusitasita, yakibeba majani makavu ya wiki mbili, yakajikusanya kwenye kona na kuanza kumwagikia njiani. Mama Eliakimu alishusha mikono kutoka kiunoni. Alipiga magoti pale pale, na nguo yake safi, akaanza kuzoa yale majani kwa vidole ili maji yapite.